Maswali na Majibu: Huduma Isiyo na Bango

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinahusu utumishi wa Mkristo nje ya milango ya kanisa. Nimechagua tano.

Jumuiya yetu ya Changamwe inapanga kutembelea makao ya watoto wakati wa Krismasi. Tubebe nini, na je, tunaweza kupiga picha na watoto?

La picha nalijibu kwanza, maana huletwa kila Desemba bila haya: msipige. Mtoto aliyefikishwa pale baada ya kudhulumiwa nyumbani hahitaji sura yake izunguke katika simu za watu 200 akiwa ameshika pakiti ya biskuti, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inailinda faragha yake kama inavyoilinda ya mwanao. Kuhusu mizigo, mpigieni simu msimamizi wa makao kabla hamjachanga hata shilingi moja. Desemba makao haya hufurika soda na keki. Ikifika Februari, karo na sare zimekwisha kumeza akiba yote, wala hakuna abishaye hodi. Nendeni Februari. Pelekeni mafuta ya kupikia, sabuni na sodo za wasichana, na mwalimu mmoja miongoni mwenu ajitolee kwenda kila Jumamosi kuwafundisha hesabu. Najua kazi hiyo haina bango wala fulana za rangi moja, na nadhani ndiyo sababu haipendwi.

Mimi hutoa fungu la kumi kikamilifu. Je, bado nina wajibu kwa jamii?

Ndiyo. Soma Mathayo 23:23.

Tunaishi Majengo na majirani zetu wengi ni Waislamu. Ramadhani tungependa kuwapelekea futari pamoja na vijitabu vya Injili. Kuna ubaya?

Futari pelekeni, vijitabu viacheni nyumbani. Mtu aliyefunga mchana kutwa akakuta karatasi ya mahubiri chini ya tende ataelewa mara moja kwamba tende zilikuwa chambo, na mwaka ujao atapokea kwa adabu kisha awape kuku. Msamaria wa Luka 10 alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa ziada atakaporudi, na hakumwachia mwenye nyumba ya wageni ujumbe wowote kuhusu Gerizimu, mlima walikoabudu Wasamaria. Wapo watakaonikumbusha Freretown, makazi ya wamisionari hapa Mombasa yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, ambako makao, shule na ubatizo vilikwenda pamoja. Mimi huikumbuka zaidi kengele yake, iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni: ilipigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja, na aliyeisikia alikimbia, awe amebatizwa au hajabatizwa.

Jambo jingine hamkuliuliza. Msipeleke nyama mliyoipika wenyewe, kwa sababu jirani atapata taabu kujua imechinjwa vipi na ataona haya kuuliza. Mchele, sukari, tende na matunda havina mashaka. Vifikisheni alasiri, mama wa nyumba apate nafasi ya kuvipanga, wala si wakati adhana ya magharibi inaanza. Na wao wakiwaletea sahani ya biriani siku ya Idi, kuleni.

Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Je, kanisa linatenda dhambi likitangaza misaada yake?

Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, na kwa mara ya mwisho: hesabu za fedha zitangazwe kwa waliochanga, hadi senti ya mwisho, na majina ya waliosaidiwa yasitangazwe. Makanisa mengi hufanya kinyume chake.

Mimi ni kijana wa Likoni, sina kazi wala fedha. Nitatumikaje?

Mwanangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani mnamo Oktoba 2024, wazee wengi wamekwama kwenye usajili. Nimemwona bibi mmoja, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la leso, akimwonyesha kila apitaye simu yake ya vitufe ambayo hawezi kuisoma. Wewe unaisoma. Msajili, mrudishie kitambulisho chake mkononi, na namba yake ya siri ya M-Pesa usiiulize hata akikutajia.

Ukienda wodini, usiende kuimba. Niliwahi kufuatana na kundi letu katika wodi ya wanaume, tukaimba tenzi nne kando ya kitanda cha mzee aliyekuwa akiinua kidole mara kwa mara. Nilidhani anafuata mdundo, kumbe alikuwa anaonyesha jagi la maji.

Damu ya kuchangia pia unayo, ikiwa umetimiza miaka 16 na uzito wako haupungui kilo 50. Kula kwanza, ndipo uvuke feri.