Maswali yenu: mnaongeza ng'ombe, majani yako wapi?

*Nina ng'ombe watatu hapa Ganda, jumla lita 18 kwa siku. Nikinunua watatu wengine si nitapata 36?*

Hupati. Hili naulizwa kila mara na hakuna anayeniambia ana nepia, yale majani marefu ya kulishia, kiasi gani! Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 60 za nepia mbichi kwa siku, watatu ni 180, sita ni 360, na ikifika Januari mpaka Machi huku kwetu mvua hakuna, utakata wapi? Utawagawia sita kile cha watatu, basi chakula chote kitaishia kumweka ng'ombe hai, cha kutengeneza maziwa hakibaki, na mfanyakazi na dawa ya kupe unalipia sita. Nimeyaona haya kwenye maboma ya watu yakaniuma. Lita sita kwa ng'ombe ni kidogo, hao hao washibishe kwanza, maji yakae mbele yao mchana kutwa maana kwa joto la Malindi anayekamuliwa anamaliza lita 60 na zaidi.

*Nina saba Marafa, kiangazi kimebana, nipunguze?*

Punguza leo, kabla hawajakonda. Aondoke mwenye kiwele kinachougua kila mara na yule amepandishwa mara tatu hashiki. Mitamba wazuri, majike wachanga ambao hawajazaa, usiwaguse hata ukipewa bei tamu, hao ndio maziwa yako ya mwaka kesho.

*Ng'ombe wangu kumi hawashiki mimba, ni dume la jirani au nini?*

Mie naona ni macho, hakuna anayewaangalia. Joto, yaani zile saa ng'ombe anapotaka dume, linarudi kila siku 21 na halikai hata siku nzima, ukiwa na wawili utamuona tu anavyopanda mwenzake, sasa kumi na kijana ni mmoja, tangu alfajiri yuko na panga anakata majani, nani atamuona? Likipita hilo umelisha siku 21 bure. Nunua daftari, andika kila mmoja, angalia asubuhi na jioni wakiwa wametulia.

*Nimeletewa wawili kutoka bara, niwachanganye leo?*

Hapana jamani! Watenge wiki tatu au nne, daktari awapime brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoingia kwa watu kupitia maziwa, na uwachunge sana na kupe, ng'ombe asiyezoea kupe wa huku ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaweza kumuua upesi. Na maziwa yao msinywe bila kuchemsha, hasa watoto.