Samaki wawindaji na kamba katika tangi moja la matumbawe: tazama mdomo, kisha fikiria usiku wa kujivua gamba

Swali lililoulizwa ni hili: mwenye tangi la matumbawe la lita 400, ambamo tayari wanaishi kamba wasafishaji wawili wa aina ya Lysmata amboinensis, je, anaweza kuongeza samaki simba mchanga (Pterois volitans) pamoja na Oxycirrhites typus, yule samaki mwembamba mwenye mdomo mrefu na michirizi myekundu iliyokatana, bila kuwapoteza kamba hao? Nimefuga wawindaji na kamba pamoja kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba huyo wa pili anawezekana kwa masharti, lakini samaki simba asiingie kabisa.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba kamba msafishaji haliwi, kwa kuwa samaki humtambua kwa vipapasio vyake vyeupe na kwa mstari mweupe wa mgongoni, nao humhitaji awaondolee vimelea na ngozi iliyokufa. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani hata baharini mkunga mkubwa, yule samaki mrefu kama nyoka, huachama akamwacha kamba huyu aingie kinywani na kutoka salama. Hata hivyo, heshima hiyo si sheria inayomfunga kila mwindaji, wala haidumu kila saa. Samaki simba hungoja bila kutikisika, kisha hufungua kinywa ghafla na kumvuta windo ndani pamoja na maji, na anaweza kumeza kiumbe anayezidi nusu ya urefu wake mwenyewe. Akikua hupita sentimita 30, ilhali kamba msafishaji hukomea kwenye sentimita tano au sita, kwa hiyo uchanga wake wa leo haumhakikishii mfugaji chochote. Jamaa zake wadogo wa jenasi ya Dendrochirus nao si nafuu, maana hupenda mno jamii ya kamba na kaa. Wako wanaoshauri samaki simba alishwe sana ili asiwaguse kamba. Mimi siukubali ushauri huo, kwa sababu samaki huyu hushambulia hata akiwa ameshiba, na kumlisha kupita kiasi humjaza mafuta kwenye ini.

Kwa mkunga, kinachofaa kuchunguzwa ni meno. Echidna nebulosa ana meno butu yaliyoumbwa kwa kuponda magamba ya kaa na kamba, na humnusa kamba hata akiwa amejificha ndani kabisa ya mwamba. Huyo simshauri mtu yeyote amweke na kamba. Mikunga wengi wa jenasi ya Gymnothorax wana meno makali ya kushikia samaki, na ndio niliofanikiwa kuwaweka na kamba wasafishaji waliokomaa, ingawa hata hao nisingewaamini mbele ya kamba mchanga. Samaki wa jamii za vikande na bunju ni wavunjaji wa magamba kwa maumbile yao, na sioni sababu ya kuwajadili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, husahaulika kuliko yote. Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki chache, kwa kawaida usiku, na kwa saa kadhaa baada ya hapo mwili wake huwa laini, mwendo wake huwa mzito, na hawezi kujitetea hata mbele ya samaki ambaye jana yake alikuwa akimsafisha. Lysmata wawili waliokomaa hubeba mayai mara kwa mara, kwa kuwa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na kupandana hufanyika mara tu mmoja anapojivua. Maana yake ni kwamba saa hizo za hatari hazikomi mwaka mzima. Dawa yake ni mpangilio wa mawe. Kamba anahitaji nyufa nyembamba zenye kina, ambazo kichwa cha mwindaji hakipiti, na zipatikane zaidi ya mahali pamoja, ili asilazimike kuvuka tangi wazi akiwa laini. Mara nyingi nimekuta gamba tupu sakafuni asubuhi na mwenyewe haonekani siku nzima. Asitafutwe kwa kupangua mawe, bali aachwe mpaka gamba jipya liwe gumu.

Oxycirrhites typus hufika takriban sentimita 13, na mdomo wake mwembamba haummezi kamba mkubwa mzima mzima, lakini anaweza kumnyofoa miguu kamba mdogo au kumkamata yule aliyetoka kujivua. Ndiyo maana nasisitiza kamba watangulie, wawe wamekomaa na wana makazi yao, kisha samaki afuate akiwa mdogo. Ikibidi kumwongeza kamba baadaye, mweke kwanza ndani ya kisanduku kinachopitisha mwanga na chenye matundu, humohumo tangini, ili samaki wamzoee bila kumfikia, na kabla ya hapo maji yake yabadilishwe tone kwa tone, kwani kamba hastahimili mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Wakati wa chakula, walishe kamba kwanza katika upande mwingine wa tangi, maana hurukia chakula hata kilichoko mdomoni mwa samaki. Usimzoeze mwindaji yeyote kula kamba hai. Chakula kilichogandishwa na kuyeyushwa, kikitolewa kwa koleo, hakimfundishi kuwinda kila kinachotambaa.

Mwisho, samaki huyo mpya akae kwanza katika tangi la karantini. Iwapo ataugua na kuhitaji dawa ya shaba, atibiwe hukohuko, kwa sababu kipimo cha shaba kinachomponya samaki huwaua kamba na matumbawe, na mawe yaliyoinyonya hayafai tena kurudishwa kwenye tangi lao.