Maswali Yenu: Gemu za kubonyeza tu, utamu wake uko wapi?

SWALI: Shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 29, ana kazi yake nzuri, akili zake timamu kabisa, ila kuna gemu ya biskuti anacheza kwenye laptopu, yaani kuna biskuti moja kubwa anaibonyeza namba zinapanda basi. Hakuna adui, hakuna mpira, hakuna gari. Usiku anaacha laptopu inawaka mpaka asubuhi, ukiifunga anakuja juu kweli kweli. Hii kitu imetoka wapi na inamshikaje mtu mzima hivyo? – Dada mtu, Mwanza

JIBU: Marahaba dada. Hiyo ni Cookie Clicker na mdogo wako hayuko peke yake. Aliitengeneza Mfaransa mmoja, Julien Thiennot, mtandaoni anajiita Orteil, Agosti 2013, na aliimaliza kwa usiku mmoja tu. Akaitupia 4chan, jukwaa la mtandaoni la watu kupiga soga, masaa machache mbele watu zaidi ya 50,000 wameshaibonyeza. Mpaka leo inachezwa, mwaka 2021 ikaingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikiwa na muziki wa C418, yule mwanamuziki aliyetunga muziki wa gemu maarufu ya Minecraft.

Ila mbegu ni ya zamani zaidi na ilipandwa kama utani. Mwaka 2002 Eric Fredricksen alitoa Progress Quest, unachagua mhusika wako, unabonyeza kuanza, halafu basi, gemu inajicheza yenyewe, inapigana, inauza vitu, inapanda leveli, wewe unatazama mistari inajaa. Alikuwa anazikejeli gemu za mtandaoni kama EverQuest ambazo watu walikesha wakiua panya na majini ili namba tu iongezeke. Mwaka 2010 akaja Ian Bogost, profesa wa Georgia Tech kule Atlanta, wakati huo Facebook nzima imejaa FarmVille, gemu ya kulima shamba, akatengeneza Cow Clicker: una ng'ombe, unambonyeza mara moja, unasubiri masaa sita, unambonyeza tena. Ndo gemu yote hiyo. Nia yake ilikuwa watu waone jinsi wanavyochezewa, sasa wao wakaipenda, ikafika wachezaji zaidi ya 50,000. Septemba 2011 akawaondoa ng'ombe wote ikabaki nyasi tupu na bado kuna watu waliendelea kubonyeza pale ng'ombe alipokuwa amesimama!

Wengi wanaisimulia hiyo habari kuonyesha watu ni mazuzu, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kama kitu kilitengenezwa makusudi kiwe hakina utamu na watu wakaona utamu, basi kuna utamu ambao mtengenezaji hakuuona. Tena ndani ya mwaka mmoja tu, 2013, wakaja watu wakaushika kwa mikono miwili, Cookie Clicker, Candy Box na A Dark Room zote ni za mwaka huo.

Kaa na mdogo wako dakika kumi tu utauona. Unaanza na biskuti sifuri, kila ukibonyeza unapata moja, kidole kinachoka. Ukifika 15 unanunua kishale kinachokubonyezea chenyewe, biskuti moja kila sekunde kumi, kitu kidogo mno lakini ni cha kwako na hukigusi. Ukifika 100 unanunua bibi, bibi anaoka biskuti moja kila sekunde, na hapo ndo mambo yanageuka kwa sababu kidole chako taratibu kinastaafu, unaacha kuwa kibarua unakuwa mwenye kiwanda. Bibi wa pili bei 115, na kila unayemwongeza anapanda asilimia 15 juu ya aliyemtangulia, ukifika bibi wa hamsini na moja anakudai biskuti zaidi ya 108,000 na kama hujamboresha bado anaoka ile ile moja kwa sekunde. Kwa hiyo unakaa unapiga hesabu, niongeze bibi au nisubiri shamba la biskuti linalooka zaidi yake, niboreshe nilivyonavyo au nibane mpaka kiwanda? Ni maamuzi kabisa hayo, tena ya mtu anayejua kusubiri, kama mkulima anayepita shambani kila asubuhi kuona mahindi yamefika wapi.

Halafu mbele kuna jambo ambalo wageni hawalielewi: mchezaji anafuta kila kitu mwenyewe, kwa hiari, anaanza sifuri. Akifanya hivyo anapewa nguvu ya kudumu kulingana na biskuti zote alizowahi kuoka. Nguvu ya kwanza inataka trilioni 1, ya pili trilioni 8, ya tatu 27. Sasa unarudi mwanzo ule ule ila kilichokuchukua siku nzima juzi leo kinapita kwa dakika, na hiyo raha ya kuona ulipohangaika panapita kama upepo, kwa kweli ni gemu chache sana zinakupa. Na hakuna kushindwa. Mtu katoka kazini kichwa kimechoka, hapa hakuna wa kumfunga wala kumtukana.

Kuhusu laptopu kuwaka usiku, mwelewe jamani. Ile Cookie Clicker mwanzoni ukifunga dirisha lake bibi wote wanasimama kazi, mpaka uje kununua uwezo wa kuoka ukiwa haupo, na huo hauupati kabla ya kufuta na kuanza upya angalau mara moja. Ndo maana anakuja juu.

SWALI: Mie nna gemu ya simu ya kibanda cha maji ya ndimu, nikilala nikiamka nakuta pesa zimejaa. Je hushinda ikifanya kazi usiku kucha? Yanila bando? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana mwenzangu, hiyo inaonekana ni AdVenture Capitalist ya mwaka 2014, na usiku imelala kama wewe. Unapotoka gemu inaandika saa uliyotoka, ukirudi inatazama saa ya sasa, inatoa, inazidisha na kipato chako, basi. Ukiiacha saa nne usiku ikikuingizia 200 kwa sekunde ukarudi saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni sekunde 28,800, unakuta 5,760,000. Ndo maana kwenye gemu nyingi za aina hii watu husogeza saa ya simu mbele ili wavune, na watengenezaji wasiotaka hilo hutumia saa ya seva yao.

SWALI: Mwaka 2024 mtaani kwetu wote tulikuwa tunabonyeza Hamster ya Telegram tukiambiwa tutalipwa. Ile nayo ni gemu ya aina hii au ulikuwa utapeli? – Msomaji, Dar

JIBU: Kwa umbo ni ndugu zake kabisa, unabonyeza panya, unanunua kadi, kadi zinaingiza kwa saa. Njia ilifunguliwa na Notcoin, gemu nyingine ya kubonyeza, Januari 2024 humo humo Telegram, Hamster Kombat ikafuata, na sarafu yake ya kidijitali ikaanza kuuzwa tarehe 26 Septemba 2024, ikafunguka kwenye kama senti moja ya dola na kushuka. Watu waliokomaa miezi wakapata kiasi cha kununulia vocha. Neno utapeli silitumii kwa sababu sarafu kweli ilitoka, lakini angalia kitu kimoja: kadi zako zilikuwa zinaingiza kwa masaa matatu tu halafu zinasimama mpaka ufungue tena. Juu ya hapo kulikuwa na kombo ya kila siku, yaani kadi fulani za siku hiyo ukizipatia unapewa zawadi, ukiikosa leo imekwenda. Pale kusubiri kumegeuzwa kamba, wewe ndo unasubiriwa uje kazini, na hiyo inaniuma kwa sababu vijana wengi waliamka usiku kwa ajili ya kitu ambacho kiasili kilitakiwa kikuache ulale.

Wapo waliokataa njia hiyo. Playsaurus, kampuni yenye gemu ya kubonyeza ya Clicker Heroes, walitangaza mwaka 2017 kwamba toleo la pili litanunuliwa mara moja tu bila kuuza vito ndani yake, wakasema wazi hawakuridhika na hela za wachezaji waliokuwa wanamwaga maelfu ya dola kwenye lile la kwanza. Nawaheshimu sana kwa hilo.

SWALI: Nikitaka kujaribu nianze na ipi, isiyo na matangazo na yenye mwisho? – Msomaji, Arusha

JIBU: A Dark Room ya Michael Townsend, kwenye brauza ni bure. Inaanza na chumba cha giza na kitufe cha kuwasha moto, sitasema zaidi, ila mwaka 2014 toleo lake la iPhone lilishika namba moja ya programu za kulipia Marekani na ni maandishi matupu. Ukiimaliza nenda Universal Paperclips ya Frank Lantz, 2017, wewe ni kompyuta uliyoambiwa utengeneze klipu za karatasi, unaanza kubonyeza moja moja. Tenga siku isiyo na kazi, na usisome mwongozo kabla.