Tuuze kiwanja kijana akarushe ndege Marekani?

SWALI: Kepteni, shikamoo. Mwanangu alisomea urubani Afrika Kusini, amerudi na leseni ya rubani wa biashara na saa 210 za kuruka. Mwaka wa pili huu yuko nyumbani. Kila kampuni inamwambia hana uzoefu. Wakala mmoja anasema Marekani marubani hawatoshi, tumlipe amtafutie kazi. Baba yake anataka tuuze kiwanja. Tufanyeje?
Mama wa rubani, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Kiwanja msikiuze.

Ni kweli Marekani walipungukiwa marubani, hasa mwaka 2022, hadi mashirika madogo yakaacha kwenda baadhi ya miji. Lakini waliotafutwa si wenye saa 210. Ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo mwaka 2009, wakafa watu 50, na sheria ikakazwa: tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa awe na saa 1,500. Wanaopunguziwa ni wachache, kama waliotoka jeshini au vyuo vya huko huko. Bado kuna kibali cha kufanya kazi, ambacho wakala hana uwezo wa kukitoa. Na mwaka 2024 ajira zenyewe zilipoa.

Hata kwetu wanaotafutwa ni wazoefu, na vijana wenye leseni mpya wanazunguka na bahasha. Inaniuma, maana wazazi wameshamaliza akiba yote. Caravan nyingi, zile ndege ndogo za injini moja, zinarushwa na rubani mmoja, na kampuni ya bima haikubali mgeni wa kazi akae peke yake na abiria nyuma.

Nilipokuwa naajiri, sikuanza na jumla ya saa. Nilifungua logibuku, daftari la rubani la kuandika saa zake, ukurasa wa mwisho wenye maandishi, nikatazama tarehe. Aliyeruka mwezi uliopita, hata kwa kindege cha mafunzo kama Cessna 172, nilimwita. Ambaye hajagusa ndege mwaka mzima ni lazima kwanza arudi kunolewa, na gharama hiyo waajiri wanaikwepa.

Kwa hiyo mkipata fedha kidogo, ahuishe cheti cha afya, leseni yake ya Afrika Kusini itambuliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, aruke saa chache, kisha asomee ukufunzi. Mkufunzi hulipwa huku saa zake zikiongezeka; hata Wamarekani wengi hufikisha 1,500 kwa njia hiyo. Halafu aende mwenyewe Arusha, Dar na Zanzibar, ofisi kwa ofisi, akubali hata kupima mizigo na kupanga ratiba. Wapo waliotokea hapo wakapewa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi.

Kama huyo wakala ameshachukua chochote, mdaini risiti leo.