Funika skrini kabla ya kupima

Ukianza kuchangia programu huria (ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha) hapa Mwanza, na unataka kujua kama asiyeona anaweza kuzitumia, usikimbilie vipimo vinavyojiendesha vyenyewe. Anza na NVDA, kisoma-skrini cha bure cha Windows kilichoanzishwa Australia mwaka 2006; husoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Tengeneza nakala ya kubebeka kwenye flashi, utaitumia hata kwenye kompyuta ya kuazima. Bonyeza Insert+Ctrl+S uchague eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, kisha Insert+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili. Sauti yenyewe ni kavu, lakini inatamka.

Sasa funika skrini kwa kanga. Ukiendelea kutazama, jicho litaziba mapengo ambayo sikio lingeyanasa.

Chukua fomu ya wavuti ya kuandikisha dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba: jina la muuzaji, kilo, bei, kitufe cha Tuma. Pita kwa kitufe cha Tab tu. Mara nyingi kosa la kwanza ni lugha. Violezo vingi vya kurasa za HTML vina lang="en" juu kabisa, yaani ukurasa ni wa Kiingereza, basi NVDA inahamia sauti ya Kiingereza na "bei ya kilo" inatoka imevurugika, hata mzaliwa wa Igoma asiielewe. Weka lang="sw". Ni marekebisho ya herufi mbili, na hakuna mchango wa kwanza tunaoupenda kuliko huu.

Kisha sikiliza visanduku. Kisicho na lebo, NVDA inasema tu kuwa ni mahali pa kuandika. Asiyeona anaweza kuweka bei penye kilo, na hasara ni yake. Kwenye HTML andika label yenye for="kilo", na kisanduku kiwe na id="kilo". Maneno ya kijivu yaliyomo ndani hayatoshi, hutoweka mtu akianza kuandika. Kitufe kilichoundwa kwa div, kipande cha ukurasa kisicho na kazi maalumu, Tab inakiruka, tumia button. Rangi nayo: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa angalau 4.5 kwa 1. Hata mwenye macho mazima, akiwa juani ufukweni, atakushukuru.

Ukiripoti hitilafu, taja toleo la NVDA, kivinjari, vitufe ulivyobonyeza kwa mpangilio, ulichosikia na ulichotarajia. Fungua dirisha la kuonyesha matamshi kwenye menyu ya zana ya NVDA, unakili maneno yenyewe. Ripoti ya "haifanyi kazi" haimsaidii mrekebishaji.

Baada ya hapo mwite mtumiaji asiyeona apime mwenyewe. Mlipe nauli na muda wake, na akikwama, usimshike mkono wala kumwelekeza: andika pale alipokwama.