Nimestaafu ualimu, mbona nina furaha?

SWALI: Shikamoo Mama. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60. Niliagwa vizuri, wazazi wakanipa mbuzi na godoro. Wenzangu waliostaafu wanalalamika upweke, mimi nina raha tele. Shule zilipofunguliwa Januari nilisikia kengele ya shule ya jirani, nikageukia ukutani nikaendelea kulala. Mke wangu anasema hajawahi kuniona hivi. Je, miaka yote ile nilikuwa naigiza? Siku hizi nashinda shambani, jioni namfundisha mjukuu hesabu za kutoa, tunapanga visoda mezani hadi mama yake anatufukuza tukale. Kuna shule binafsi inanitaka niwe mwalimu wa taaluma. Niende?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wewe umeanza kazi kabla ada za shule za msingi hazijafutwa mwaka 2001. Mwaka 2002 ikaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, watoto wakafurika. Mwaka 2016 ikaja elimu bila malipo, wakafurika tena. Heri kwao, hilo silibishi. Lakini kiwango ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na wewe unajua darasani kwako walikaa wangapi, tena wangapi sakafuni. Aliyetua mzigo huo asipumue? Mimi nilikuwa mkunga, na nilipotoka zamu yangu ya mwisho ya usiku nilipitia supu na chapati, nikala kama bibi harusi aliyetoka fungate. Wala sijawahi kuwachukia watoto.

Kengele umeiandika kama mtu anayetubu. Visoda umevipitia juujuu tu, nami ndivyo nilivyovishika. Mtu aliyekuwa akiigiza hakai na mtoto hadi chakula kipoe, na hakuna anayemlipa. Nionavyo, kustaafu kumechambua kazi yako: mtoto aliyekwama kwenye hesabu ni wako, vikao na taarifa za kila wiki vilikuwa vya mwajiri.

Ila huyo mama watoto anayesema hajawahi kukuona hivi, kaa naye umuulize alikuwa akiishi na nani. Hilo kwangu ni zito kuliko la shule.

Kuhusu hiyo shule, kabla hujajibu waulize kama utaingia darasani au utakaa ofisini kukagua maandalio ya wenzako. Wakisema ofisini, baki na mjukuu.