Spageti ya wazazi wenye kiungulia

Dada, umeuliza utapikaje spageti ya watu wanne bila nyanya wala mafuta mengi, maana wazazi wana kiungulia. Tumia boga. Menya, chemsha gramu 400 pamoja na karoti moja hadi vilainike, kisha saga na nusu kikombe cha maji yaliyochemshia spageti (usiyamwage yote!). Wanga wake ndio unaoifanya rojo ishike bila krimu wala siagi.

Kidari cha kuku kisicho na ngozi, gramu 250, kikate vipande vidogo, upike kwa kijiko cha chai cha mafuta, moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Kikianza kushika chini, ongeza maji, si mafuta. Vitunguu na pilipili huwasumbua wengi, viache; weka giligilani. Spageti gramu 300 zinatosha. Wale mapema, angalau saa tatu kabla ya kulala.